Miguu Mitatu ya Mama

Mama yangu alivaa miguu mitatu ya mbao katika maisha yake. Wa kwanza alipewa hospitali. Wa pili alitengenezewa na baba, na wa tatu pia alitengenezewa na baba. Wa kwanza haukumfaa. Wa pili ulimfaa kuliko kitu chochote alichowahi kumiliki, na ndio uliochomwa moto mbele ya watu. Wa tatu ninao mimi, umo ndani ya sanduku chini ya kitanda changu, na kila anayeuona husema ni mzuri. Ni mzuri kweli. Siupendi hata kidogo.

Baba alikuwa fundi wa modeli kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita. Siku hizi ukiitaja kazi hiyo wajukuu wanacheka, wanadhani babu yao alikuwa akitembea jukwaani na suti. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kipande cha chuma kikivunjika kwenye mashine, baba alichonga kingine cha mbao kinachofanana nacho kabisa, kikazikwa kwenye mchanga maalumu, kikatolewa taratibu, na pale palipobaki wazi mafundi wenzake wakamimina chuma kilichoyeyuka. Kwa hiyo kila kitu cha chuma pale karakana kiliwahi kuwa cha mti mikononi mwa baba.

Huko ndiko alikopatia ule ugonjwa wake wa kutazama viumbe. Nyumba ya pampu ya kuvuta maji ya mgodini ilikuwa na umbo la konokono, na mafundi waliiita hivyohivyo, konokono. Wenzake waliona ni jina tu la utani. Baba alitafuta konokono wa kweli, akampasua kombe kwa msumeno mwembamba, akalinganisha mizunguko yake na ile ya pampu, akarudi nyumbani hali chakula. Alimwambia mama kwamba aliyebuni pampu ile alimwona konokono kwanza. Tangu siku hiyo hakuna mdudu aliyepita mbele yake kwa amani. Alitengeneza jembe la kupalilia akiiga ukucha wa kuku anapochakura, na lilifanya kazi vizuri. Alitengeneza mtego wa panya akiiga mdomo wa chura, na panya waliupita kama hawauoni.

Mgodi ulipofungwa, miaka ya sitini, tulirudi kwetu, upande wa Kagongwa, na sanduku lake la patasi, tezo na randa. Nilikuwa msichana mdogo. Baba alirithi ng'ombe wachache wa babu na mama akapewa sehemu ya kulima mpunga kule mbugani.

Asiyeijua mbuga yetu nimweleze kidogo. Ni udongo mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka mkono wako unaingia kwenye ufa. Mvua ikinyesha unageuka kitu kingine, unanata, unakushika mguu na hauuachii. Mpunga unaupenda udongo huo. Wanawake wa kwetu walitengeneza majaluba humo, vishamba vilivyozungushiwa kingo za kuzuia maji, na kila mwanamke alijulikana kwa majaluba yake. Mahindi na mtama vilikuwa vya nyumba nzima, ng'ombe walikuwa wa baba, lakini mpunga ulikuwa wa mama. Kwa mpunga alitununulia nguo. Kwa mpunga alikaribisha wageni na kuzungumza na wanawake wenzake akiwa na la kusema. Mwanamke asiyeingia mbugani kwetu alikuwa kama mgeni nyumbani kwake mwenyewe, anakula vya watu.

Nyoka aina ya moma alimuuma mama kwenye kifundo cha mguu wa kushoto alipokuwa akikata nyasi za kuezekea. Tulimpaka dawa za nyumbani kwanza, kama watu wote, na mguu ulipoanza kunuka tukampeleka hospitali ya misheni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Wakaukata chini ya goti. Alikaa huko hadi kigutu kikapona, akarudi na mguu wa kwanza: mti mnyoofu wenye mikanda ya ngozi juu na kipande cha mpira chini. Walimfundisha kuutumia kwenye sakafu ya saruji, na kwenye saruji alitembea vizuri tu. Baba aliukagua, akausifu mshono wa mikanda.

Mvua za kwanza mama akaenda nao jalubani. Hatua chache ndani ya maji, ule mti ukazama. Ulikuwa mwembamba na mama alikuwa mnene. Kila alipojaribu kuung'oa, mguu wake mzima nao ulizidi kudidimia. Tulimvuta wanawake wanne na mimi, na alipotoka alitoka bila mguu. Ulibaki chini kule. Wanawake walicheka hadi wakakaa kwenye tope, na mama akacheka nao, maana wakati ule walikuwa watu wake na cheko lao halikuwa na sumu. Wakamfukulia mguu wake. Usiku wa siku ile ndipo nilipomsikia akilia, na sikuwahi kumsikia akilia hospitalini.

Msimu ule alikaa nyumbani. Alipepeta, alichambua mboga, aligombana na kuku. Aliwauliza wapitao njia mpunga wa fulani umefikia wapi. Majaluba yake nililima mimi na shangazi yangu, tena vibaya, na jioni mama alitazama tope kwenye miguu yetu kwa macho ambayo hata sasa sipendi kuyakumbuka.

Baba alianza kuwafuata ng'ombe. Walipovuka mbuga kwenda malishoni alilala kifudifudi pembeni ya njia yao, kidevu kwenye matope, akitazama kwato. Watu walimpita wakamsalimu, naye akaitikia bila kuinua kichwa. Mama alisema, "Nimebaki na mguu mmoja, na mume naye kaingiwa wazimu."

Alichokiona alitueleza jioni moja akiwa na mguu wa mbele wa ng'ombe aliyechinjwa mapajani mwake. Alikuwa na furaha kama mtoto. Ng'ombe ana uzito wa mama mara kadhaa, alisema, lakini hakwami. Anapokanyaga, vidole viwili vya kwato vinatanuka na tope linambeba. Anapoinua, vidole vinarudi pamoja, kwato inakuwa nyembamba kuliko shimo lake, hewa inapenya pembeni, tope linaachia. Akabonyeza ule mguu kwenye sahani ya ugali wa moto ili tuone. Mama akamwambia ugali huo ataula yeye peke yake.

Alichonga vidole viwili vya mninga uliotoka kwenye fremu ya mlango wa zamani. Akaviunganisha kwa ukanda wa mpira wa gurudumu la lori, upande wa nyuma na katikati, ili vitanuke vikikanyagwa na virudi vyenyewe vikiinuliwa. Juu alitengeneza kikombe cha kushika kigutu, cha ngozi mbichi ya ng'ombe. Aliiviringisha ikiwa imelowa juu ya mfano wa kigutu cha mama aliouchonga kwa mti, na ngozi ilipokauka ikakaza yenyewe. Akaipaka nta ya nyuki ili maji yasiilainishe. Kila kipande alikirudia. Jaribio la kwanza lilitanuka mno na kumwangusha mama, la pili lilibana mawe katikati. Mama alivumilia majaribio yote hayo akimtukana, na baba alishika patasi akichekelea.

Siku ulipokubali, mama aliingia jalubani akavuka upande wa pili. Akageuka, akarudi. Akavuka tena. Baba alisimama kwenye kingo, mikono nyuma, akimtazama miguu tu, hakumtazama usoni, na mimi niliyemtazama mama usoni niliona jinsi alivyokuwa. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kiasi kile, wala mimi mwenyewe sijawahi kuipata, na nimeolewa, nimezaa.

Majirani walikuja kuona. Walimtania mama kwamba sasa akamuliwe, kwamba baba ajihadhari asimpeleke mnadani kwa bahati mbaya. Alirudi kwenye mpunga wake na akawa wa kwanza kumaliza kupandikiza, maana mguu wa kwato ulichomoka kwenye tope kwa urahisi kuliko mguu wetu wa kuzaliwa. Nakumbuka nyayo zake kwenye njia ya mbugani asubuhi: kulia unyayo wa mtu, kushoto kwato. Wadogo zangu walizifuata wakicheka. Tulijua mama amepita.

Tulikaa hivyo misimu kadhaa. Kisha ukaja wakati wa kuhamia vijijini, miaka ya sabini, nasi tukavunja nyumba zetu tukahamia kwenye kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa kwa mstari. Wale wanawake waliomfukulia mama mguu kwenye tope walipangiwa vijiji vingine. Majirani zetu sasa walikuwa watu waliotoka huku na huko, watu wazuri tu, wakarimu, lakini hawakuwepo siku ya moma wala siku ya kuvuka jaluba. Walimkuta mama aliyekwisha kuzeeka kwa kazi, mwenye mguu wa ng'ombe. Macho yake pia yalikuwa mekundu. Kwetu miti ilikuwa imekwisha, tulipikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, na moshi wake huwafanya wanawake wote wazee kuwa na macho mekundu. Lakini mama alikuwa na macho mekundu na ule mguu.

Mama hakuliona hilo. Alipewa majaluba mapya karibu na lambo, akashukuru. Mwaka wa pili ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ikaingia. Ndama walikufa, kisha ng'ombe wakubwa. Kila asubuhi mtu alitoka zizini kwake akiwa ameshika kichwa. Na mtu aliyepoteza ng'ombe hutazama chini, atafute sababu. Kwenye tope la lambo, ambako ng'ombe wote wa kijiji walikunywa maji, waliona nyayo: kulia mtu, kushoto ng'ombe. Njia ya kwenda majalubani kwa mama ilipita hapohapo, na kila mtu aliijua.

Aliyetuambia ni mama mmoja jirani aliyekuwa akija kuomba chumvi. Siku hiyo hakuomba chumvi. Alikaa kwenye kigoda, akasema bila kumtazama mama, "Mayu, mama yangu, watu wanasema wewe unageuka. Wanasema ulianza na mguu, na mwili utafuata. Mimi sijasema."

"Ninageuka kuwa nini?" mama akauliza.

"Ng'ombe wao wanakufa, mayu. Unajua mwenyewe wanavyosema."

Mama akacheka. Yule jirani hakucheka, akaondoka, na tangu siku ile hakurudi. Sisi tuliokuwa pale tulielewa. Kwetu mwanamke mzee akishaitwa mchawi namna hiyo, ndugu zake hawalali usingizi, na ambao hawakujihadhari walimkuta wa kwao amekatwa kwa panga. Nilimwomba mama auvue mguu ule. Alinitazama kana kwamba nimemwambia auvue wa kulia.

Mkutano uliitwa chini ya paa la ghala, mchana. Baba alikwenda akiwa ametulia kabisa, na hilo ndilo linaloniuma. Aliamini kwamba mtu akionyeshwa kitu kinavyofanya kazi, hofu inaisha. Kule karakana ndivyo ilivyokuwa: mashine ikikataa, unaifungua mbele ya wote, mnaiona, mnakubaliana. Alimwomba mama avue mguu, akauinua juu, akaeleza moma, hospitali, tope, kwato. Alieleza vizuri mno. Kisha akaukanyagisha kwenye udongo uliolowa pembeni ya ghala, tap, tap, tap, akafanya mstari wa nyayo za ng'ombe kutoka mlangoni hadi walipoketi wazee. Alidhani anawaonyesha mti. Watu waliona mzee anatembeza mguu wa ng'ombe usio na ng'ombe, nao walio mbele wakarudisha miguu yao nyuma usiwaguse.

Mzee mmoja aliyefiwa na ng'ombe wake wote akainuka. Aliuliza kwa adabu, sauti ya chini. "Mzee mwenzangu, nina swali moja tu. Mama akilala, huo mguu analala nao?"

"Hapana," baba akasema. "Anauvua."

"Na huo mguu wenyewe unalala wapi?"

Baba hakuwa mtu wa kudanganya juu ya kazi yake. Ngozi mbichi ikikaa ndani na unyevu inaoza, panya wanaila. Akajibu kama fundi anavyomjibu fundi mwenzake. "Unalala nje. Nautundika kando ya mlango ukaukie upepo."

Watu wakatazamana, kisha wakautazama ule mstari wa nyayo. Nikamwona mama anafumba macho. Yeye alikuwa ameshafahamu, mimi nikafahamu baada yake, na baba akabaki amesimama na mguu mkononi akisubiri swali lingine.

Uamuzi wao haukuwa wa kikatili kadiri ulivyoweza kuwa. Wenyewe waliona wametuhurumia. Mguu uchomwe, au nyumba yetu itengwe. Kutengwa kwetu si jambo la kusimulia tu. Hakuna anayekusalimu, hakuna anayekupa moto, huchoti maji na wenzako, ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Na aliyetengwa kwa uchawi hana atakayeuliza akikutwa amekufa. Baba akaanza kueleza upya, tangu mwanzo, tangu konokono. Mama akamkatiza.

"Wape, baba watoto," akasema. "Wape tuende."

Waliuchoma hapohapo. Ile nta aliyoipaka kwa miaka iliufanya uwake vizuri kuliko kuni zozote tulizokuwa nazo kijijini, na mpira ukatoa moshi mweusi uliotufanya wote tukohoe, washitaki na washitakiwa. Baba alisimama karibu mno na moto. Nilidhani anataka kuunyakua, kumbe alikuwa akitazama jinsi vidole vile viwili vilivyotanuka kwa joto, vikajifunga, vikatanuka tena. Kisha akamweka mama kwenye baiskeli, akamsukuma hadi nyumbani. Njiani watu walitusalimia. Walitusalimia kwa upole wote, kwa vile sasa mambo yalikuwa yamekwisha, na niliwachukia kwa salamu zile kuliko kwa moto.

Mguu wa tatu baba aliuchonga msimu ule wa kiangazi. Alimkalisha mama kwenye kiti, akaweka kioo kando ya mguu wake wa kulia, akawa anachonga anachokiona kwenye kioo ili utoke wa kushoto. Vidole vitano. Kucha. Kidole cha mwisho kilichojikunja ndani, kama alivyo mama, na kama nilivyo mimi. Kisigino chenye nyufa. Mninga ulikuwa na rangi ileile ya ngozi yake. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa ustadi kama ile, hata mgodini, na aliifanya bila kupiga mluzi, bila kuongea, bila kutania. Alipomaliza akalifunga sanduku la patasi zake akamgawia fundi wa vitanda.

Kijiji kilifurahi. Walikuja kuuona, wakaupapasa vidole, wakamwambia mama shikamoo wakicheka naye. Yule mama wa chumvi alirudi. Sasa alikuwa mtu, walisema, ana miguu ya mtu. Nao mguu ule uliweza kutembea kutoka kitandani hadi barazani na kutoka barazani hadi jikoni. Mvua iliponyesha mama aliujaribu kwenye mbuga mara moja, mimi nikiwa nimemshika. Ulizama mpaka kwenye mikanda. Tukautoa, nikauosha, akauvaa, akarudi barazani.

Majaluba yake akapewa mwingine. Ilikuwa haki, shamba halilali. Mama aliishi miaka mingine mingi. Alikaa barazani na mguu wake mzuri umenyooshwa mbele, akitazama upande wa lambo, na kadiri miaka ilivyokwenda aliacha kuuliza mpunga umefikia wapi. Hakuugua. Alipungua tu, kila msimu kidogo, hadi nikawa namwinua kwa mkono mmoja. Nilimwuliza siku moja kama ana hasira na baba. Akasema, "Nitamkasirikiaje? Alinivusha."

Baba naye alikuwa pale barazani, kando yake. Kuku walichakura mbele yake, mijusi ilipanda ukuta, nyigu walijenga kwenye boriti juu ya kichwa chake, na hakuinua macho.

Mama alifariki katikati ya mvua. Kabla ya hapo alikuwa ameniachia agizo moja, kwamba asizikwe na mguu ule. Wanawake walinisihi, wakasema aende kamili. Nikakataa, na ndiyo maana uko chini ya kitanda changu. Makaburi ya kijiji yalikuwa ukingoni mwa mbuga. Siku ile waliombeba walikwama. Walichomoa mguu mmoja, wa pili ukazama, viatu vikabaki kwenye tope, jeneza likainama huku na huku, na hatua chache zile zikachukua muda mrefu mno. Wakati tumesimama hivyo, ng'ombe wa kijiji walitoka lamboni wakavuka mbuga pembeni yetu. Walipita taratibu, wazito, wameshiba maji, na hakuna hata mmoja aliyekwama.

Baba alikuwa ameshika mkono wangu. Alisikia kwato zao zikichomoka kwenye tope, akageuza uso upande mwingine, na akabaki hivyo mpaka walipokwisha kupita.